Mama Mapema na Vumbi la Sinema

Mwanamke huyu tulimwita Mama Mapema, kwa sababu hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kumtangulia kufika. Wenye maduka walipokuja kufungua makufuli yao walikuta mbele ya milango pameshafagiwa, na yeye yuko mbali huko karibu na jengo la bima, mgongo umeinama, koti lake la rangi ya chungwa limelowa jasho. Alikuwa mwajiriwa wa manispaa. Hadi wakati wa mambo haya alikuwa amefagia mtaa mmoja tu kwa miaka ishirini na mmoja, kuanzia posta ya zamani hadi jengo la bima, pande zote mbili za barabara.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Goti la kulia lilikuwa limeanza kumgomea, na bega la upande huo huo lilimuuma kila alipoinua toroli juu ya ukingo wa barabara. Hakuwa mtu wa kulalamika. Akiulizwa hali, alijibu kwamba mwili ni kama ufagio, huanza kuisha upande mmoja.

Mumewe alikuwa fundi bomba, naye alifariki wakati mtoto wao wa pekee yuko darasa la nne. Binti huyo Mama Mapema alimsomesha peke yake, kwa koti lile na toroli lile, mpaka akamaliza chuo. Mungu si Athumani, akapata kazi ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, katika jengo lile lile ambalo mama yake alimalizia kufagia kila asubuhi. Tuliosikia tulimpongeza. Fundi saa, ambaye kibanda chake kiko chini ya nguzo za posta ya zamani, alimwambia sasa atakuwa anamfagilia mwanawe njia hadi mlangoni.

Haikuwa hivyo. Wiki ya kwanza ya kazi, binti alipita na wenzake wawili wa ofisini, viatu vya kisigino vinagonga lami. Mama yake alisimama, akaegemea ufagio, uso umeshaanza kutabasamu. Binti akasema, "Habari za kazi, mama," akapita.

Wale wenzake hawakushtuka hata kidogo. Mwanamke wa umri ule kila mtu humwita mama. Mama Mapema akajibu, "Nzuri, mwanangu," na hilo nalo lilikuwa jibu ambalo mfagiaji yeyote angempa binti yeyote. Kuanzia siku ya pili yake binti akawa anapita mtaa wa nyuma, ule wenye karakana za magari, ingawa ni mbali zaidi na una madimbwi ya oili. Waliendelea kuishi pamoja katika vyumba vyao viwili, wakila sahani moja, wala neno halikusemwa. Mama alilimeza kama anavyomeza dawa ya goti, bila maji.

Basi mwaka wa tatu wa hali hiyo, watu wa sinema wakaja.

Walikuwa wametafuta mahali pa kupigia filamu yao kwa miezi, wakizunguka na kamera zao, hadi walipofika mtaa wetu na kusema hapa hapa. Filamu ilikuwa ya vita. Mji wenyewe waliotaka kuuonyesha ulikuwa nchi nyingine kabisa, huko ambako vita ilikuwa bado inapiganwa na hakuendeki. Mtaa wetu ungeigiza mtaa wa huko. Tulipouliza kwa nini sisi, walituambia kwa adabu kwamba nguzo za posta zinafanana, na roshani, na jinsi plasta ilivyobanduka ukutani. Fundi saa aliangalia juu, akaangalia kulia na kushoto, akasema, "Kumbe tulikuwa vitani miaka yote, na hatukuambiwa."

Jioni moja wakafunga mtaa kwa kamba, wakaanza kuuharibu. Walileta malori ya vifusi vya maboksi na povu, vimepakwa rangi vikafanana na zege. Walimwaga majivu, magazeti ya lugha ya mji ule, vyombo vilivyovunjika, viatu vya watu waliokimbia. Kwenye kuta walibandika matundu ya risasi. Kufikia magharibi, mtu asiyejua angedhani tumepigwa mabomu.

Mtu asiyejua alikuwa mmoja tu. Msimamizi wa usafi wa manispaa alipaswa kumwambia Mama Mapema apumzike, akasahau. Alfajiri mama wa watu akafika na toroli lake, akasimama mwanzoni mwa mtaa, akatazama. Baadaye alituambia wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kuna lori limepinduka. Akavuta pumzi, akafunga koti, akaanza. Mlinzi wa kamba alikuwa amelala fofofo ndani ya gari. Jua lilipochomoza Mama Mapema alikuwa amebakiza hatua chache kufika jengo la bima, na nyuma yake mtaa uko safi kama sahani. Alikuwa ameifagia vita yote.

Watu wa sinema walipofika palizuka kizaazaa. Aliyeumia zaidi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kamera ndogo shingoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kitu kilichoonekana jana kinaonekana vile vile leo, ili watazamaji wasije wakaona kiatu kimehama chenyewe. Kutwa nzima mdomo wake uliuliza jana ilikuwaje, jana ilikuwaje, ndiyo maana sisi tukambandika jina la Bibi Jana. Asubuhi ile alikaa kwenye ngazi za posta, amejishika kichwa. Usiku uliotangulia walishapiga sehemu ya kwanza ya filamu. Kila kitu kilitakiwa kirudi mahali pake, na picha alizokuwa nazo zilionyesha nusu tu.

Mama Mapema alisimama mbele yake na ufagio mkononi, ameona haya. Akaomba radhi. Kisha akasema kwamba kama tatizo ni kujua kitu gani kilikuwa wapi, hilo si tatizo.

Akalirudisha toroli nyuma, akaanza kupanga. Gazeti hili lilikuwa hapa, limelala kifudifudi, kona imekunjwa. Sufuria hii mbele ya duka la nguo, mdomo umeelekea barabarani. Hapa vigae sita, kimoja kimepanda juu ya kingine. Bibi Jana alimfuata na picha zake, analinganisha, na kadiri walivyoendelea ndivyo alivyozidi kunyamaza. Hapakuwa na kosa. Alipomuuliza amewezaje, Mama Mapema alimjibu kwamba mtu hawezi kuokota kitu bila kukiona, na miaka ishirini na mmoja alikuwa hafanyi kingine.

Siku hiyo hiyo manispaa ikamwazima kwa watu wa sinema kwa wiki tatu. Kila alfajiri alimwaga takataka kwa mpango, na kila jioni alizizoa, maana usiku magari ya kusambaza bidhaa yalihitaji kupita. Ilikuwa kuteka maji kwa pakacha. Zamani alfajiri yake ilikuwa na faida, mtaa ulianza mchafu ukaishia safi. Sasa alianza na usafi akaumaliza kwa mikono yake mwenyewe. Majivu yalimwingia puani na masikioni, na nyumbani aliyaoga mara mbili yakabaki kwenye mistari ya viganja. Palikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, chekundu, ambacho mahali pake palikuwa kando ya mfereji. Kila kukicha alikiweka cha mwisho, na akishakiweka alikipa mgongo. Alituambia hakupenda namna mkono wake ulivyokuwa unakizoea.

Wiki ya pili ndipo lilipotokea lililotokea.

Filamu ilikuwa na sehemu ya bibi mmoja anayefagia mbele ya nyumba yake iliyobomolewa, mitaa yote imekwisha, yeye anafagia tu. Walimleta mwigizaji wa kufanya hivyo, mwanamke mzuri aliyevaa matambara kwa ustadi, lakini ufagio aliushika kama mwiko. Mwongozaji wa filamu, mzee wa kofia asiyejua lugha yetu, alimtazama mara tatu, akageuka, na macho yake yakatua kwa Mama Mapema aliyekuwa amekaa kwenye toroli lake akisubiri jioni. Akamnyooshea kidole.

Hakutaka. Alisema yeye si mtu wa mambo hayo. Bibi Jana akamwomba, na kwa kuwa alikuwa ameshamzoea, akakubali. Wakamvua koti la chungwa, wakamvisha gauni lililochakaa, wakampaka majivu usoni kana kwamba hayakuwemo. Akaanza kufagia.

Alifagia mara kumi na nne. Kila alipomaliza, majivu yalimwagwa upya, vigae vikapangwa upya, akaambiwa tena. Mara jua limeingia wingu, mara ndege imepita. Saa sita ikapita, saa saba ikaingia. Mara ya kumi na mbili mwongozaji alisema jambo, na Bibi Jana akamtafsiria kwamba mzee anaomba aonekane amechoka zaidi kidogo.

Mama Mapema alijifuta paji la uso kwa mkono.

"Mwambie sina uchovu mwingine wa kuongeza," alisema. "Huu ndio wote nilio nao."

Sijui Bibi Jana alitafsiri nini, lakini mzee wa kofia alivua kofia.

Saa ile ya chakula cha mchana nyuma ya kamba palikuwa pamejaa watazamaji, wakiwemo wafanyakazi wa bima walioteremka kuona waigizaji. Binti alikuwemo. Wenzake walimkokota, na hakupata sababu ya kukataa. Fundi saa alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yao, na haya tunayajua kutoka kwake. Mwenzake binti wa meza ya jirani ofisini, msichana wa kucheka sana, alisema yule bibi anaigiza vizuri mpaka moyo unauma, tazama anavyolivuta lile goti. Binti akalitazama goti lile. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Yule ni mama yangu."

Fundi saa alitaka kumpiga bega kwa furaha. Lakini yule mwenzake akageuka, macho yamemtoka. "Kumbe mama yako mwigizaji, na miaka yote umetuficha?" Na binti akacheka, akainamisha kichwa, hakusema ndiyo wala hapana. Mpaka wanapanda ngazi kurudi ofisini, jambo lilikuwa limeshakuwa kweli.

Jioni Mama Mapema alikuwa amekaa kwenye stuli, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi, binti alipoingia kwa furaha ambayo hajawahi kuja nayo kutoka kazini. Akamweleza jinsi kila mtu alivyomsifu. Akampa taulo. Akamsugua kisigino kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mtoto. Halafu akafika alikokuwa anaelekea. Ijumaa ofisini kwao wanamuaga bosi wao, na wenzake wamemwomba sana amlete mama. Angemwazimia gauni kwa mama mmoja wa ghorofa ya pili. Asingehitaji kusema mengi.

Mama alimtazama mwanawe kichwani, mahali nywele zinapogawanyika.

"Umewaambia mimi ni nani?"

Binti aliendelea kusugua. "Walidhani wenyewe, mama. Mimi sikusema."

"Na hukukanusha."

"Ningesemaje?"

Mama Mapema aliiacha miguu ndani ya beseni mpaka maji yakapoa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomshangaza mwenyewe. Alichosikia ni uzito tu, kama mtu anayefika juu ya ngazi akaambiwa ofisi imehamia jengo jingine. Mwishowe alisema, "Mimi Ijumaa nina zamu. Wakitaka kuniona, niko pale chini kila siku. Miaka yote nimekuwepo." Akatoa miguu, akajifuta, akaenda kulala bila kula.

Wiki ya tatu ikaisha, watu wa sinema wakaondoka na malori yao. Bibi Jana alimkumbatia Mama Mapema mbele ya watu, akampa picha moja ya vigae sita vimelala mbele ya duka, akiwa na hakika kuwa ni yeye tu angejua ni picha ya nini. Lakini vita haiondoki kwa urahisi, hata ya bandia. Majivu yalikuwa yameingia kwenye nyufa zote za lami, na mvua ya kwanza iliyageuza uji wa kijivu. Yale matundu ya risasi yalikuwa yamebandikwa kwa gundi isiyobanduka. Manispaa ilisema sinema ilipaswa kusafisha, sinema ilishapanda ndege, na kama kawaida jibu lilikuwa toroli la magurudumu mawili. Mwezi mzima Mama Mapema alikwangua kuta kwa kisu cha plasta, tundu moja baada ya jingine, baada ya kumaliza kufagia.

Siku moja mchana alikuwa pale karibu na duka la nguo, anakwangua, alipowaona. Binti yake na wenzake watatu walikuwa wanakuja upande huo huo, maana mtaa wa nyuma ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba mapya na haupitiki. Walikuwa bado mbali. Mama Mapema hakufikiri mara mbili. Akavuta kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, akageukia ukuta, akainama kama anayetafuta kitu chini. Alitaka mwanawe apite salama.

Binti aliona. Aliona koti la chungwa likigeuka, akaona jinsi mama yake alivyojikunja ili aonekane si mtu. Fundi saa anasema msichana alisimama ghafla hata aliyekuwa nyuma yake akamgonga.

Yule mwenzake wa kucheka akafuata macho yake. "Si ni mama yako yule?" Akaangaza juu na chini, kwenye roshani, ndani ya magari. "Bado wanarekodi? Kamera wameficha wapi?"

"Hakuna kamera," binti alisema. Akarudia. "Hakuna kamera. Mama yangu anafagia hapa. Ni mfagiaji. Ndiye aliyenisomesha."

Akaenda mpaka ukutani. Mama yake alikuwa hajageuka, anaendelea kukwangua tundu ambalo lilishaisha. Binti akamshika mkono wenye kisu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Piteni upande ule, hapa pana utelezi."

Hilo tu ndilo alilosema. Wenzake wakaja mmoja mmoja wakamwamkia, wameona aibu kwa niaba ya mtu wasiyejua ni nani. Yule wa kucheka hakucheka. Alimpa mkono, akasema pole na kazi, akauliza kama goti lile la kwenye filamu linauma kweli. Mama Mapema akajibu linauma kweli. Wakaenda zao, na yeye akakaa kwenye ukingo wa toroli kwa muda mrefu kuliko anavyoruhusiwa.

Msidhani binti aligeuka malaika. Mtaa wa nyuma ulipofunguliwa, kuna siku alipita huko, hasa akiwa na wakubwa wa kazi. Lakini siku nyingine alipita kwetu, akasimama, akatoa chupa ya chai mkobani akamwachia mama yake juu ya toroli. Nyumbani walizungumza kidogo zaidi ya zamani. Jambo lenyewe hawakulirudia. Mama alisema lilishachoka.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Waliitazama Jumapili mchana kwenye kompyuta ya binti, fundi saa akiwa amealikwa na kuja na shati lililopigwa pasi. Mtaa wetu ulikuwa na jina la mji mwingine, na watu waliulilia kwa lugha nyingine. Saa nzima na zaidi ilipita. Fundi saa akatambua kibanda chake, kikiwa kimeungua. Kisha akatokea bibi mmoja amewapa mgongo watazamaji, anafagia mbele ya mlango usio na nyumba. Uso haukuonekana. Haikufika sekunde kumi, wakahamia kwa mwanajeshi.

Binti alirudisha nyuma wakaona tena, na tena. Alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. Alimgeukia mama yake amuulize ameonaje, akakuta Mama Mapema amelala kwenye kiti, kichwa kimeangukia bega lile bovu, mdomo wazi kidogo. Alikuwa amelala tangu mwanzo mwanzo. Fundi saa alitaka kumwamsha, binti akamkataza. Wakapunguza sauti, wakaendelea kutazama wawili, mpaka majina yalipoanza kupanda. La Bibi Jana lilikuwemo. La Mama Mapema halikuwemo.

Alifagia mwaka mmoja na miezi minne zaidi, akastaafu. Siku ya mwisho aliliacha toroli kwenye ghala la manispaa, akatia sahihi, akapewa nakala ya karatasi hiyo. Nilimtembelea juzi. Goti limevimba, haendi mbali. Anasema macho bado yanafumbuka saa ile ile, giza bado lipo, na anabaki amelala chali akisikiliza mwanawe akijiandaa kwenda kazini, mlango wa bafuni, maji, vijiko. Nilimuuliza kama hachoshwi na kukaa. Akafikiri, akasema bado hajajua. Kwanza anataka kumaliza kulala.